Darubini, kamera ya zumu au lenzi ndefu: ukianza kufuatilia ndege ununue nini kwanza?

Mtu akianza kupenda ndege wa uani kwake, swali lake la kwanza huwa ni kamera gani anunue. Mimi nasema kamera isubiri. Kwanza nunua darubini, na simu uliyonayo mfukoni itakutosha kwa mengine yote katika miezi ya mwanzo. Kamera ikija, kwa watu wengi iwe ile ya zumu ndefu ambayo lenzi yake haibadilishwi. Kamera ya lenzi za kubadilisha ina wenyewe: wanaotaka ndege aliye angani, ndege wa kivulini, au picha ya kutundika ukutani. Sababu zangu ziko hapa chini, pamoja na mahali ambapo naona mtu ana haki ya kwenda kinyume nami.

Hua watatu wa uani

Tuanze na ndege wenyewe, maana ndio wanaoamua. Chukua jamii ya hua na tetere, ambao hawakosekani kuanzia Mombasa hadi Mbeya. Watatu kati yao wana nusu pete nyeusi nyuma ya shingo, na kwa mbali wote ni wa kijivu chenye wekundu kidogo. Kwenye vitabu na programu utawakuta kwa majina ya Streptopelia semitorquata, Streptopelia capicola na Streptopelia decipiens. Wa kwanza ni mkubwa na rangi yake imekoza. Jicho lake ni jekundu, limezungukwa na ngozi nyekundu, na akiruka mkia wake hauonyeshi weupe pembeni. Wa pili ana jicho jeusi na kistari cheusi kinachotoka mdomoni hadi jichoni, na akiruka pembe za mkia wake ni nyeupe. Wa tatu ana kichwa cha kijivu safi, na jicho la manjano iliyopauka lenye duara jekundu.

Jicho na kile kistari unavipata kwa darubini ya kawaida ndege akiwa juu ya ukuta wa jirani. Kamera yenye zumu nayo inavipata. Mkia ni habari nyingine: unafunguka kwa nusu sekunde tu ndege anapoondoka tawini. Macho yaliyo kwenye darubini huuona, lakini kamera mara nyingi hukuachia picha ya tawi tupu. Njia fupi kuliko zote ni sauti. Capicola hurudia noti zake tatu bila kuchoka tangu alfajiri, semitorquata ana mkururo wa noti sita, na decipiens ana mlio wa kukoroma unaoteremka. Hapo simu inayorekodi inaishinda lenzi ya bei yoyote.

Kutambua ndege kunataka umtazame kwa muda, umsikilize, uone anavyotembea na anavyoruka. Kupiga picha kunataka mwanga, ukaribu na sehemu ndogo ya sekunde. Ukinunua kamera kwanza utarudi nyumbani na picha mia za ndege usiowajua, na utakuwa umewaangalia kidogo sana kwa sababu muda wote ulikuwa unahangaika na vitufe.

Darubini: 8x au 10x?

Namba mbili zilizoandikwa kwenye darubini ndizo za kusoma kabla ya jina la kampuni. 8x42 maana yake inamleta ndege karibu mara 8, na lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 42. Gawa 42 kwa 8, unapata milimita 5.25: huo ndio upana wa mwanga unaofika kwenye jicho lako. Kwa 10x42 unapata 4.2. Adhuhuri huoni tofauti. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chini ya mwembe, unaiona.

Wanunuzi wengi huchukua 10x kwa kudhani kubwa ni bora. Kwa ua, bustani na msitu, mimi nachukua 8x bila kusita. Mtetemo wa mikono nao hukuzwa mara 10, kwa hiyo picha haitulii. Eneo unaloona kwa mara moja pia hupungua: darubini nyingi za 8x huonyesha upana wa kama mita 130 kwa umbali wa kilomita moja, na za 10x kama mita 110. Hilo linaonekana dogo hadi pale unapomtafuta chozi, yule ndege mdogo anayerukaruka kwenye maua, na kila ukimpata ameshahama. 10x ina haki yake mahali pa wazi. Ukisimama Mida Creek karibu na Watamu maji yakiwa yametoka, au kwenye mabwawa ya chumvi, vitwitwi wako mbali na wanatofautiana kwa urefu wa mdomo na rangi ya miguu. Hapo nguvu ya ziada inalipa, hasa ukiegemeza viwiko mahali.

8x32 ni ya anayetembea sana. Ina uzito wa kama gramu 500, wakati nyingi za 42 zinafika 650 hadi 750, na shingo inaijua tofauti hiyo ikifika saa nne. Mwanga wake ni milimita 4, karibu sawa na ule wa 10x42. Zile ndogo za 10x25 zinazoingia mfukoni nisingezinunua kwa kazi hii: zinaleta milimita 2.5 tu, na jicho likisogea kidogo picha inakuwa nyeusi.

Sasa zile za barabarani. Ukiona lenzi zinang'aa rangi nyekundu, ziache. Utando uliopakwa kwenye lenzi hizo unarudisha nje sehemu ya mwanga mwekundu, na ndege wote wataonekana wamepakwa ukijani. Kwa kazi ambayo nusu yake ni kusoma rangi, hilo ni tatizo kubwa. Ukiona imeandikwa inakuza kuanzia mara 10 hadi mara 100 na zaidi, ziache pia. Hakuna mkono wa mtu unaoweza kushikilia ukuzaji huo, na namba yenyewe kwa kawaida si ya kweli.

Dukani fanya majaribio mawili, na muuzaji asikuharakishe. Nyoosha mkono, elekeza darubini kwenye mwanga wa angani, kisha angalia vile viduara viwili vidogo kwenye upande wa macho. Vikiwa mviringo kamili na vyeupe hadi ukingoni, vioo vya ndani ni vizuri. Vikiwa na kingo za kijivu zinazokaribia umbo la mraba, vioo vya ndani ni vya daraja la chini. Kisha tazama antena au nguzo iliyo mbali kwa dakika nzima. Kama picha mbili zinagoma kuwa moja, au unahisi macho yanavutwa, darubini hiyo ilianguka au ilifungwa vibaya, na itakupa kichwa kuuma kila siku. Mvaa miwani aulize kitu kimoja zaidi: jicho likikaa umbali gani kutoka kwenye kioo cha nyuma bado linaona picha nzima? Usipungue milimita 15, la sivyo ataona duara dogo katikati.

Kwa sisi wa pwani naongeza sharti: iwe imezibwa isiingize maji, na ndani ijazwe naitrojeni, gesi kavu. Unyevu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja huotesha kuvu ndani ya lenzi, na darubini isiyozibwa haina ulinzi wowote dhidi yake.

Simu peke yake, na simu nyuma ya darubini

Simu peke yake inafaa kwa ndege wakubwa na waliozoea watu. Kwarara anayechokoa majani ya bustani Nairobi, korongo wa jalalani Kampala, kunguru wa kila mahali. Kunguru mwenyewe anatosha kuonyesha uwezo wa simu: mwenye kifua cheupe ni mwenyeji wetu, na mwenye shingo ya kijivu, mwili mwembamba na makelele mengi ni yule wa Bara Hindi, Corvus splendens, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890. Picha mbovu ya simu inawatenganisha bila shaka yoyote. Huyu mgeni hula mayai na makinda ya ndege wadogo, na kwa miji ya pwani ndiye sababu mojawapo ya nyua nyingi kuwa kimya. Ndiyo maana naona kumbukumbu ya chozi au shorewanda wa mtaani Dar ina thamani kuliko watu wanavyodhani.

Kwa ndege aliyetulia kuna njia ya katikati isiyogharimu kitu: weka lenzi ya simu kwenye tundu la darubini. Teremsha vile vikombe vya mpira vya macho, egemeza darubini ukutani au juu ya mfuko wa maharage, tafuta ndege kwanza kwa jicho, halafu ulete simu. Ukitumia lenzi kuu ya simu na darubini ya 8x, unapata takriban kile ambacho lenzi ya milimita 190 ingekupa (milimita zikiongezeka, ndege anakuja karibu zaidi). Bundi anayesinzia mchana, yangeyange kwenye mti wao wa kulala, hondohondo aliyekaa juu ya mkuyu: hao wote wanapatikana. Chozi hapatikani, na usijichoshe.

Kamera: hesabu ya chozi mmoja

Chozi mwenye urefu wa sentimita 12 ametua kwenye ua la mshubiri. Wewe uko mita 10. Anachukua kiasi gani cha upana wa picha yako? Urefu wa lenzi hapa nimeuweka kwa kipimo cha filamu ya milimita 35, ili zote zilinganishike. RX10 IV, P950 na P1000 ni kamera za zumu ambazo lenzi haibadilishwi; R7 ni ya lenzi za kubadilisha.

| Kifaa | Lenzi | Chozi kwenye upana wa picha | Uzito |
|---|---|---|---|
| Simu, lenzi kuu | mm 24 | chini ya asilimia 1 | – |
| Simu nyuma ya darubini 8x | mm 190 | kama asilimia 6 | – |
| Sony RX10 IV | mm 600 | asilimia 20 | kilo 1.1 |
| Canon EOS R7 na lenzi ya RF 100-400 | mm 640 | asilimia 21 | kilo 1.25 |
| Nikon P950 | mm 2000 | kama theluthi mbili | kilo 1 |
| Nikon P1000 | mm 3000 | picha nzima | kilo 1.4 |

Ukiishia kwenye jedwali, P1000 imeshinda na mjadala umekwisha. Lakini kuna mambo mawili ambayo jedwali halionyeshi.

La kwanza ni kihisi, kile kibapa cha ndani kinachopokea mwanga. Cha P950 na P1000 kina upana wa milimita 6 na kidogo. Cha R7 kina eneo kubwa kama mara 12 ya hicho, na cha RX10 IV kama mara 4. Zaidi ya hapo, P950 ikivutwa hadi mwisho tundu la lenzi linabaki f/6.5, na P1000 f/8 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo na mwanga unaoingia ni kidogo). Kwenye jua la saa mbili asubuhi hilo halisumbui. Unahesabu manyoya ya kifua. Chozi yule yule akiingia kivulini, kamera inalazimika kupandisha ISO, yaani usikivu wake kwa mwanga, na picha inajaa chenga. RF 100-400 nayo ni f/8 ikivutwa mwisho, lakini kihisi kikubwa kinavumilia. RX10 IV inabaki na f/4 hadi mwisho wa zumu yake, na kwa mwanga wa kivulini ni kamera ya kuheshimu.

La pili ni umbali. Kwa mita 10, chozi wa R7 ana upana wa pikseli (nukta za picha) kama 1,450, safi, na anatosha kuchapishwa. Hapo R7 inashinda waziwazi. Msogeze hadi mita 40, pikseli zake zinashuka hadi kama 360, wakati P950 bado inakupa kama 750. Hata zikiwa na chenga, zinaonyesha mdomo, jicho na mstari wa bawa. Kwa anayetaka kujua ni nani aliye juu ya mti ule, P950 ndiyo yenye jibu. Kwa anayetaka picha ya kupendeza ya aliye karibu, ni R7. Sioni sababu ya kuzilazimisha zishindane kwa kazi moja.

P1000 siipendekezi kwa wengi. Milimita 3000 zinavutia dukani, lakini kuanzia saa nne asubuhi joto linapanda kutoka mchangani, kwenye mabati na kwenye lami, na hewa yenyewe inachezacheza. Ndege aliye mita 80 anakuja kama yuko chini ya maji yanayochemka, na hakuna lenzi wala mpangilio unaoondoa hilo. Gramu 400 zaidi ya P950 unazibeba kutwa kwa faida ya nadra.

Ndege anayeruka ni mpaka mwingine. Mwewe anayezunguka juu ya soko la samaki ana kasi ambayo P950 haiwezi kuifuata. Inalenga polepole, na ukivuta sana unampoteza angani. R7 inatambua jicho la ndege yenyewe na kupiga picha 15 kwa sekunde kwa shata ya kawaida, lile pazia linalofunguka na kufunga ndani ya kamera. RX10 IV inafika 24. Kama moyo wako uko kwa mwewe, mbayuwayu na kerem wanaodaka nyuki hewani, usinunue kamera ya zumu ndefu halafu ujilaumu. Nenda moja kwa moja kwenye lenzi za kubadilisha, au RX10 IV kama hutaki kubadilisha lenzi na unaimudu bei yake.

Kuna njia ya nne ambayo nadhani haizungumzwi vya kutosha: kamera za kioo (DSLR, zenye kioo cha kuakisi ndani) zilizotumika. Canon 7D Mark II ya 2014 na Nikon D500 ya 2016 zilitengenezwa kwa kazi ya vitu vinavyokimbia, na sasa wenyewe wanaziuza ili wahamie kwenye zisizo na kioo. 7D Mark II pamoja na lenzi ya zamani ya Canon ya 400mm f/5.6, yenye kilo 1.25, ni jozi nyepesi na yenye makali mazuri kwa ndege wa angani. Haina kizuia mtetemo, kwa hiyo kasi ya shata isishuke chini ya 1/1000 ya sekunde. D500 na lenzi ya Nikon ya 200-500 ni bora zaidi kwa mwanga hafifu, lakini zikiunganishwa zinapita kilo 3, na hiyo si ya kutembea nayo msitu wa Pugu kutwa nzima. Ni ya dirisha la gari.

Kwa kamera yoyote, jifunze kitufe kimoja kabla ya vingine, kile cha kuongeza na kupunguza mwanga. Kunguru juu ya tawi, nyuma yake mbingu nyeupe, atatoka kivuli kitupu, ongeza hatua moja (+1). Yangeyange juani atatoka karatasi nyeupe isiyo na manyoya. Punguza kati ya theluthi mbili za hatua na hatua moja nzima.

Sogea karibu badala ya kununua milimita

Rudi kwenye ile hesabu. Chozi wa mita 10 akija mita 4, anaongezeka mara mbili na nusu bila senti. Sahani pana ya udongo yenye maji ya vidole viwili, iwekwe kivulini karibu na kichaka, inaleta tetere, shorewanda, mnana, chiriku, na wakati wa kiangazi hata wale ambao hukujua wako mtaani. Badilisha maji kila siku, kwanza kwa ajili ya ndege, pili ili mbu wasizae. Panda mshubiri na hibiskasi, chozi watakuja wenyewe. Wewe kaa nyuma ya pazia, dirisha likiwa wazi kidogo. Mbugani, gari lililozimwa ni maficho bora kuliko yoyote utakayojenga, na mfuko wa maharage kwenye dirisha ni bora kuliko tripodi.

Kiota ndiyo mahali pa kujizuia. Ukikata majani ili upate picha safi, umemfungulia njia kunguru na kipanga. Kumpigia ndege rekodi ya sauti yake ili atoke nako kunamchosha akitafuta adui asiyekuwepo, na wakati wa kuzaa anaacha mayai wazi. Hakuna picha inayostahili hayo.

Nani akuambie jina: programu, kitabu au watu?

Merlin, programu ya Cornell Lab, taasisi ya utafiti wa ndege ya Marekani, ndiyo ya kuanzia. Ni ya bure. Unapakua kifurushi cha ndege wa eneo lako ukiwa kwenye Wi-Fi, na baada ya hapo inafanya kazi bila bando, jambo kubwa ukiwa Amani au Kakamega ndani ya msitu. Unaweza kujibu maswali machache kuhusu ukubwa na rangi, kuipa picha, au kuisikilizisha sauti. Picha si lazima itoke kwenye simu: piga kwa simu kioo cha nyuma cha kamera yako, kata abaki ndege tu, uipe. Utambuzi wa sauti ulianza 2021 kwa ndege wa Amerika Kaskazini, na orodha yake ya Afrika bado ni fupi kuliko ya kule, kwa hiyo ikikaa kimya haina maana hakuna ndege. Udhaifu wake mkubwa ni kwa majike ya chozi na kwa mnana dume aliyevua manjano yake baada ya msimu wa kuzaa. Hapo hutoa jina, na jina linaweza kuwa si lenyewe. Kila mara angalia ramani ya ndege huyo na mwezi uliopo. Wageni wengi wa kutoka Ulaya na Asia wako kwetu kati ya Oktoba na Aprili, na ukipewa mmoja wao Julai, tilia shaka.

iNaturalist, iliyoanza 2008 kama mradi wa wanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, inaongeza kitu ambacho Merlin haina: watu. Unapandisha picha, mashine inapendekeza, kisha watazamaji wa sehemu mbalimbali za dunia wanakubali au wanapinga, na kumbukumbu inapanda daraja wakikubaliana zaidi ya theluthi mbili. Kwa ndege mgumu naipenda kuliko Merlin. Inahitaji bando, na jibu linaweza kuja kesho. Kama unapiga picha uani kwako, weka mpangilio wa kuficha mahali kamili, la sivyo ramani itaonyesha nyumba yako.

eBird, ya Cornell pia, tangu 2002, haitambui ndege. Ni daftari la orodha zako, na pia dirisha la kuona wenzako wameona nini karibu nawe mwezi huu. Picha unazoweka humo zinaingia Maktaba ya Macaulay, hifadhi ya Cornell ya picha na sauti, na kutoka huko Merlin hujifunza. Picha nzuri ya jike la chozi kutoka Morogoro ina kazi huko. Wakenya wana pia Kenya Bird Map, inayoandikisha ndege kwa miraba ya dakika 5 za latitudo kwa dakika 5 za longitudo, takriban kilomita 9 kila upande. Kuna miraba mingi ya kaskazini inayosubiri mtu wa kwenda.

Kitabu bado kina nafasi, na kwangu ni kubwa. Mwongozo wa Terry Stevenson na John Fanshawe, toleo la pili la 2020, unabeba Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Uko kwa Kiingereza na ni mzito begini. Lakini ukifungua ukurasa wa hua, wote watatu wako pamoja mbele yako, macho na mikia, ramani pembeni. Programu inakupa jina moja, wakati kitabu kinakuonyesha ni akina nani uliowakataa, na hapo ndipo kujua kunapoanza.

Kama uko Nairobi, vyote hivi havifikii matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, chama cha wapenda mazingira, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa. Ukisimama karibu na mtu anayetambua ndege kwa mlio kabla hajamwona, unajifunza kwa asubuhi moja kile ambacho simu ingekufundisha kwa msimu mzima. Na utaruhusiwa kujaribu darubini za watu watano tofauti kabla hujanunua yako.

Lenzi ndefu mitaani

Hili lipime kabla ya kununua. Lenzi ya nusu mita huvuta macho ya walinzi, na mara nyingine ya wezi. Bustani ya Arboretum ya Nairobi imepakana na eneo la Ikulu. Dar es Salaam kuna kambi, bandari na viwanja ambavyo ndege hawajui mipaka yake. Kwa sehemu kama hizo darubini ndogo au kamera ya zumu inayojikunja ina maswali machache. Msalimie mlinzi kwanza, mwonyeshe ndege kwenye kioo, umwombe ruhusa kabla hujainua kamera. Wengi wao wanawajua ndege wa hapo kuliko mimi na wewe, na wengine watakuonyesha kiota cha bundi.

Ukinunua iliyotumika

Lenzi ikague kwa tochi ya simu: fungua tundu lote, angaza kutoka nyuma, tazama kutoka mbele. Vumbi kidogo halidhuru. Nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama utando wa buibui ni kuvu, na ikikaa sana huchimba kioo chenyewe, kwa hiyo rudisha hata ukipunguziwa nusu ya bei. Kwa kamera ya kioo uliza imefyatua mara ngapi. Kwa kamera ya zumu, ivute na kuirudisha mara kadhaa ukisikiliza. Mkwaruzo wa mchanga ndani ya mrija unasikika, na kamera iliyokwenda ufukweni bila mfuko hairudi kuwa nzima. Ukishanunua, iweke na vifuko vya silika kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, na vifuko hivyo uvikaushe kila mwezi wa masika.